Listi ya wahamiaji isiachiwe JavaScript peke yake

KATOGOTA – Siku hizi familia ikikosa msaada, mara nyingi haiambiwi kwamba chakula kimeisha. Inaambiwa: "Jina halimo katika mashini." Mwandikishaji anageuza tableti, anakuonyesha kioo, anasema si yeye, ni mashini. Ukienda kwa shefu wa lokalite, naye anasema listi ilitoka hivyo katika mashini. Mama anarudi na mfuko mtupu, na hakuna hata mtu mmoja wa kumlaumu.

Mimi naona mashini nayo iulizwe. Haifikiri yenyewe. Inafuata maneno ambayo mtu fulani, mara nyingi kijana aliyeketi mbali sana na bonde la Ruzizi, aliyaandika katika lugha ya kompyuta. Na fomu nyingi zinazofunguliwa ndani ya Chrome au Opera zinategemea lugha moja inayoitwa JavaScript. Ndiyo inayofanya ukurasa uitikie kidole: unapogusa "Tuma", unapochagua "mwanamke", unapoandika tarehe na fomu ikaikataa, ni JavaScript inayofanya kazi hapo nyuma.

Najua kuna watakaosema: mwandishi wetu ameacha habari za barabara na usalama, anatuletea mambo ya wasomi wa kompyuta. Lakini ndugu zangu, tangu Februari 2025, Bukavu na kisha Kamanyola zilipoingia mikononi mwa M23, watu wa hapa hawajatulia. Wengine waliteremka Luvungi, Sange, mpaka Uvira. Wengine walivuka Ruzizi kwa miguu na watoto mgongoni, wakalala katika uwanja wa mpira wa Rugombo, na baadaye wakapelekwa Musenyi. Mahali pote hapo waliandikishwa, mara moja, mara mbili, mara tatu. Mtu aliyeacha shamba la muhogo na mpunga, nyumba na mbuzi, amebaki na kitu kimoja kinachomfanya ahesabiwe: mstari mmoja ndani ya listi. Na sisi wa Katogota tunajua uzito wa listi. Kila tarehe 14 Mei tunawakumbuka ndugu zetu waliouawa mwaka 2000, na hadi leo hesabu ya wenyeji na hesabu za ripoti za nje hazilingani.

Basi tuitazame lugha hiyo.

JavaScript ilizaliwa mwaka 1995 huko Marekani. Kampuni ya Netscape, iliyokuwa na kivinjari cha intaneti kilichopendwa sana wakati ule, ilimpa Brendan Eich kazi ya kutengeneza lugha ndogo ya kuchangamsha kurasa. Alitengeneza ya kwanza kwa siku kumi tu, mwezi Mei. Jina lake la kwanza lilikuwa Mocha, likageuka LiveScript, na mwisho wa mwaka ikaitwa JavaScript ili ifuate umaarufu wa lugha nyingine iitwayo Java. Si mtoto wake wala ndugu yake. Ni kama mtu kujiita jina la tajiri wa jirani ili akopeshwe.

Siku kumi zilitosha kwa kazi ya wakati ule, kazi ya kuangalia kama mtu amejaza kisanduku. Leo lugha hiyohiyo inabeba benki, hospitali, na listi za watu waliokimbia vita. Na makosa yake mengi ya utotoni hayawezi kuondolewa, kwa sababu kurasa za zamani zinayategemea. Ukiyasahihisha leo, kurasa zilizoandikwa miaka yote hii zitaanza kuharibika.

Kosa la kwanza ninalolisema ni upole wake. JavaScript haipendi kugomba. Unaipa kitu kisichofaa, badala ya kusimama na kusema "hapana, sielewi", inakisia na kuendelea. Chukua familia yenye watu wazima 4 na watoto 3. Ile 4 imeandikwa kwa kidole katika kisanduku, na kila kinachotoka katika kisanduku cha namna hiyo JavaScript inakipokea kama maandishi, si kama hesabu. Ile 3 programu imeihesabu yenyewe kutokana na majina ya watoto. Mtengenezaji akisahau kugeuza ile 4 kuwa namba, kisha akaandika alama ya kujumlisha, JavaScript inazibandika pamoja: 43. Familia ya watu 7 imekuwa ya watu 43. Lugha nyingine, kwa mfano Python, ikipewa maandishi "4" na namba 3 ijumlishe, inasimama palepale na kupiga kelele kwamba kuna kosa. JavaScript inanyamaza.

Na nini kinafuata? Mtu ofisini, Uvira au mbali zaidi, anaona familia ya watu 43. Hafikirii alama ya kujumlisha. Anafikiria wizi. Anapiga mstari juu ya jina, anaandika "udanganyifu". Mama huyo hajui kitu.

Tarehe ndizo zinazonitia hofu zaidi, na hapo nitakaa kidogo.

Kwanza, JavaScript inahesabu miezi kuanzia sifuri. Januari ni 0, Februari ni 1, Desemba ni 11. Siku lakini zinaanza 1. Kwa nini? Ilirithi utaratibu huo kutoka Java wakati wa ile haraka ya 1995. Mtengenezaji mwenye usingizi anaandika 3 akitaka Machi, anapata Aprili. Tena ukiipa tarehe 30 Februari haikatai. Inahesabu mbele kimyakimya na kukupa 1 au 2 Machi, kulingana na mwaka.

Pili, sisi tunaandika tarehe kama Wabelgiji walivyotuachia: siku, mwezi, mwaka. Ukiipa JavaScript maandishi 03/04/2024 na kuiambia iyasome yenyewe, inayasoma kama Wamarekani: mwezi wa tatu, siku ya nne. Mtoto aliyezaliwa tarehe 3 Aprili anakuwa wa tarehe 4 Machi. Ukiipa 13/04/2024 inashindwa, kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na tatu. Kwa hiyo katika listi moja, waliozaliwa kuanzia tarehe 13 wanakataliwa, na waliozaliwa mwanzoni mwa mwezi wanakubaliwa na tarehe ya uongo. Ni afadhali hao waliokataliwa, kwa sababu kosa lao linaonekana.

Tatu, kuna jambo la saa. Sisi wa Kivu tuko saa mbili mbele ya saa ya dunia, ile inayohesabiwa kutoka Greenwich, Uingereza. Kinshasa wako saa moja mbele. Namna ya zamani ya JavaScript ya kushika tarehe, ambayo bado inatumika sana, haina tarehe tupu. Kila tarehe inashikwa pamoja na saa. Ukiandika 1 Januari 2020 hapa Katogota, inaweza kuiweka kama saa sita ya usiku ya Katogota. Ikiigeuza kwenda saa ya dunia kabla ya kuituma, inarudi nyuma masaa mawili: 31 Desemba 2019, saa nne ya usiku. Siku moja imepotea, na mwaka pia umepotea.

Utasema siku moja ni nini. Wengi wetu hatuna cheti cha kuzaliwa mkononi. Kilibaki nyumbani au hakikuwako tangu mwanzo. Mwandikishaji akiuliza tarehe na mzazi akajua mwaka tu, anaandika 1 Januari. Basi hao wote wa 1 Januari ndio wanaorudishwa mwaka mzima nyuma. Na kama programu inapata umri kwa kutoa mwaka wa kuzaliwa kutoka mwaka huu, mtoto wa miaka 4 anakuwa wa miaka 5. Programu za chakula cha watoto wenye utapiamlo kwa kawaida zinachukua walio chini ya miaka 5. Mtoto yuko pale, mkono wake mwembamba unaonekana na kila mtu, lakini mashini imesema ni mkubwa. Tena aliyetengeneza fomu akiijaribu New York haoni kosa lolote, kwa sababu kule wako nyuma ya saa ya dunia na tarehe haibadiliki. Kosa linatokea kwetu tu, na kwa wengine wanaoishi upande wetu wa mashariki.

Namba za simu nazo zina shida yao. Namba ya Kongo inaanza na 0. Ukiiambia JavaScript kwamba hii ni namba ya hesabu, inaifuta ile 0, kwa sababu katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani. Pesa zinazotumwa kwa simu zinakwenda wapi hapo? Na namba ndefu, kama zile za kadi zenye tarakimu 17 na kuendelea, inaweza kuzikosea mwishoni: ikizidi 9007199254740991 lugha hii haiaminiki tena katika namba zake za kawaida, tarakimu ya mwisho inabadilika bila mtu kuambiwa. Kuanzia mwaka 2020 kuna namna rasmi ya kushika namba kubwa, lakini ni lazima mtengenezaji aiombe.

Kuna kosa lingine ambalo si la lugha, ni la watu, ila linapita mlango uleule. Fomu imefundishwa kwamba namba ya simu ni tarakimu 10. Ndugu yetu aliyevuka Ruzizi amenunua laini ya Burundi, yenye tarakimu 8. Fomu inamwambia amekosea. Vilevile fomu inauliza majina mawili, na Mkongomani ana matatu: jina, postnom na prenom. Leo wanaacha hili, kesho wanaacha lile, na kesho kutwa wanasema ni watu wawili tofauti.

Sasa kupanga listi. Nilisimama siku moja katika ugawaji, shirika silitaji, ambapo watu walipewa jetoni kuanzia 1 mpaka 200 tangu alfajiri. Muda wa kuita ulipofika, aliyeshika tableti aliita 1, kisha 10, kisha 100, kisha 101. Bibi mmoja alikuwa na jetoni 2. Alikuwa wa pili kufika, akangoja juani wakati watu 110 waliofika baada yake wanapita. Hiyo ndiyo JavaScript ikiachwa kupanga yenyewe: inapanga namba kama maneno ya kamusi, kwa herufi ya kwanza. Zote zinazoanza na 1 zinapita kabla ya 2, na ukihesabu kati ya 1 na 200 ni jetoni 111. Bibi akawa wa 112.

Lakini watu katika mstari hawakujua mambo ya kamusi. Walianza kuangalia nani anaitwa na nani anaachwa, na baada ya nusu saa maneno ya kabila yakaanza. Hapa kwetu, katika bonde hili, mnajua maneno ya namna hiyo yanaweza kufika wapi. Na dawa yake ilikuwa mstari mmoja mfupi wa programu, wa kuiambia mashini ipange kwa hesabu. Majina pia yana shida hiyohiyo: Étienne na Élysée, kwa sababu ya ile alama juu ya herufi, wanawekwa nyuma ya Zawadi. Anayetafuta Étienne karibu na E hamuoni, anasema hayumo.

Mambo ya mtandao nitayapitia haraka kwa kuwa kila mtu anayajua. Ukurasa wenye JavaScript nyingi unakula mega, na simu ndogo inakwama. Simu ya kitochi haiwezi kabisa. Opera Mini, ambayo wengi tunaitumia kwa kuokoa unite, inaendesha JavaScript kwa mipaka, kwa hiyo kitufe kinaweza kuguswa na kisifanye kitu. Na fomu za intaneti zinazofanya kazi pasipo mtandao zinaweka majibu ndani ya kivinjari mpaka mtandao urudi. Mtu akifuta data za kivinjari ili apate nafasi ya video, kazi ya siku nzima imekwenda nayo. Hapa kwetu, ambapo simu inavuta mtandao wa Burundi ukiwa upande huu na wa Rwanda ukikaribia Kamanyola, majibu yanaweza kulala humo siku kadhaa kabla ya kutumwa.

Sasa nisionekane kama ninaitukana lugha. Ina faida ambazo hakuna nyingine inazo. Kila simu yenye kivinjari kizima inaielewa. Haihitaji kusakinishwa wala leseni. Kijana wa Uvira asiye na kompyuta anaweza kujifunza kwa simu yake mwenyewe, na ninawajua vijana walioanza hivyo na leo wanapata kazi. Ukimwambia kijana huyo aache JavaScript aanze na lugha inayohitaji mashini ya dola mia tano, umemfungia mlango. Na makosa yote niliyotaja yana dawa zinazojulikana. Tangu 2012 kuna TypeScript ya Microsoft, inayomkagua mwandishi na kumwambia mapema kwamba hii ni maandishi na ile ni namba. Tarehe ya kuzaliwa inaweza kuwekwa kama maandishi tu, bila saa, na hakuna kitakachoisogeza.

Tena si kila tableti mnayoiona ina matatizo hayo. Mashirika mengi yanatumia KoboToolbox, iliyotokana na kazi ya watafiti Patrick Vinck na Phuong Pham ya kuwauliza raia wa kaskazini mwa Uganda juu ya vita vyao. Jina kobo lenyewe ni neno la Kiacholi, maana yake kuhamisha. Humo mtengenezaji anasema tangu mwanzo kisanduku hiki ni cha namba, hiki ni cha tarehe, na chombo kinashika utaratibu huo. Kuna programu ya Android na kuna fomu ya kivinjari, na ni ile ya pili inayosimama juu ya JavaScript. Imejaribiwa na watu wengi, katika nchi nyingi. Wasiwasi wangu ni fomu zinazotengenezwa kwa juma moja, na kijana mmoja, kwa shirika dogo lenye haraka ya kutoa ripoti. Kijana hulipwa kidogo, hana wa kumkagua, na mara nyingi anachota vipande vya programu vya watu wengine asiowajua. Mwezi Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kipande chake cha mistari 11 katika ghala la JavaScript, na kazi za makampuni makubwa zikakwama kwa masaa. Wale walikuwa na mainjinia wa kurekebisha siku ileile. Fomu ya Katogota itarekebishwa na nani?

Kwa hiyo ombi langu halihusu kufukuza tableti. Anayeleta fomu hapa ailete kwanza kwa kamati ya wahamiaji na wakubwa wa lokalite, tuijaribu na familia kumi kabla ya kuandikisha elfu moja. Tuandike mtoto wa 1 Januari, mtu wa laini ya Burundi, mzee anayeitwa Étienne, familia yenye wazima 4 na watoto 3, kisha tuone kinachotoka upande wa pili. Kazi hiyo inachukua asubuhi moja. Na pembeni ya tableti pawe na daftari la karatasi, lenye sahihi ya mwandikishaji na alama ya kidole ya mwandikishwaji. Kuna watakaosema daftari ni mambo ya zamani. Daftari haligeuzi 7 kuwa 43.

Mashirika nayo yaache kufuta jina kwa sababu tu mashini imeonyesha jambo la ajabu. Kabla ya kuandika "udanganyifu", mtu ateremke aone familia kwa macho, au apige simu kwa shefu.

Kwenu mlioandikishwa tayari, Luvungi, Sange, Uvira au ng'ambo ya Ruzizi: mkiitwa tena kwa uhakiki, msitosheke na jina kusomwa. Ombeni msomewe idadi ya watu wa nyumba, tarehe ya kila mtoto na namba ya simu tangu sifuri ya kwanza. Mkikuta mtoto wa 1 Januari amekuwa wa 31 Desemba, mwambieni mwandikishaji aandike kosa hilo palepale na kulipeleka kwa waliotengeneza fomu, maana hapo si mtoto mmoja, ni wote walioandikwa 1 Januari katika listi hiyo.